Mizani Moja kwa Kila Nafsi: Tuliyojifunza Kakamega Juu ya Palestina

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Tulikwenda Kakamega kuhudhuria hitima ya mzee mmoja tuliyejuana naye tangu siku zetu za chuo. Wasomaji wetu wa pwani ambao hawajafika huko huenda wakadhani kuwa Uislamu ni mgeni katika nchi ya Waluhya. Sivyo. Mumias, iliyo jirani na hapo, ilikuwa makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, na wafanyabiashara Waswahili waliifikia katika karne ya 19 wakiwa na bidhaa zao na dini yao. Baada yao wakaja wamisionari. Waquaker kutoka Marekani walifungua kituo chao Kaimosi mwaka 1902. Ndiyo maana hata leo, katika boma moja la Kakamega, utamkuta Hassan na Josephat waliozaliwa tumbo moja, mmoja akienda Ijumaa na mwingine Jumapili, na sufuria yao ni moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba tuliyofikia. Marehemu aliacha watoto saba, wanne Waislamu na watatu waumini wa kanisa la Waquaker. Asubuhi wote saba walisimama kaburini wakamlilia baba yao. Baada ya dua na chakula, mvua ya alasiri, ambayo watu wa Kakamega wameizoea kama sisi tulivyouzoea upepo wa kaskazi, ilitufungia ndani. Mtu akawasha runinga. Taarifa ya habari ikafika Gaza.

Mjukuu mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, akasema kwa hasira kwamba viongozi wetu wamewauza Waislamu na kwamba runinga ile inasema uongo mchana kweupe. Mjomba wake, mzee wa kanisa, akamjibu kuwa Israeli ni taifa teule, na kwamba Waislamu hawakutamka neno siku ile ya tarehe 7 Oktoba 2023. Sauti zikapanda. Shangazi mmoja akachukua mtoto wake akatoka nje mvuani.

Sisi tukaingilia kati, tukidhani tunazima moto. Tukatoa simu, tukaonyesha picha ya mtoto aliyefunikwa na vifusi, tukasema: "Tazameni wenyewe, kisha mseme." Binti mmoja wa kidato cha nne akaiomba simu kwa adabu, akaitafuta picha ile kwa muda mfupi, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Samahani, Bwana Sheikh. Picha hii ilipigwa Syria, miaka mingi kabla ya vita hivi."

Tuliona haya. Picha ile tulikuwa tumekwisha kuisambaza katika makundi matatu, mojawapo likiwa la akina mama wa msikiti wetu. Hakuna aliyetuuliza imetoka wapi, kwa kuwa ilitoka kwa sheikh.

Ndipo mjane wa marehemu, ambaye wajukuu humwita Kukhu, aliponyanyua kichwa na kusema: "Sheikh, wanangu hawa wote wamemlia mtu mmoja asubuhi. Mbona jioni wanagawana maiti za watu wasiowajua?"

Makala haya ni jaribio letu la kumjibu mama yule.

Ardhi iliyotolewa na asiyekuwa mwenyewe

Tulianza kwa kuwakumbusha wenyeji wetu jambo lililotokea karibu nao. Ukiondoka Kakamega kwa gari kuelekea Eldoret, baada ya saa mbili hivi unakuwa katika uwanda wa Uasin Gishu. Mwaka 1903, serikali ya Uingereza, kupitia Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain, ilikubali kuwapa Wazayuni sehemu ya nchi hiyo iwe makazi ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa na kuuawa nchini Urusi. Mpango huo ukaitwa "mpango wa Uganda", ingawa eneo lenyewe lilikuwa limehamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwezi Agosti mwaka huo ulikubali kutuma wajumbe kuitazama nchi. Wajumbe watatu wakafika Uasin Gishu mwanzoni mwa mwaka 1905. Mwaka huo huo mkutano uliofuata ukaikataa ahadi ile.

Hakuna aliyewauliza Wanandi waliolisha ng'ombe wao huko. Mwaka ule ule wa 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza, na miaka michache baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini wakagawiwa mashamba katika uwanda huo.

Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1903 alikuwa Arthur Balfour. Ni Balfour huyo huyo ambaye mwaka 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitia saini Azimio linalojulikana kwa jina lake, akiahidi makao ya kitaifa kwa Wayahudi katika Palestina. Wakati huo takriban watu 9 katika kila 10 wa nchi hiyo walikuwa Waarabu, Waislamu na Wakristo. Azimio halikuwataja kwa jina. Liliwaita jamii zilizopo zisizo za Kiyahudi, yaani lilimweleza mwenye nyumba kwa kusema yeye si nani.

Mjomba mzee wa kanisa alisikiliza kwa makini. Akasema hakupata kujua kwamba Kenya ingeweza kuwa Palestina. Tukamwambia kwamba kuna jambo la pili la kulikumbuka: mateso yaliyowafanya Wayahudi watafute kwa kukimbilia yalikuwa ya kweli, na walioyatenda walikuwa watu wa Ulaya. Anayeyakana mateso hayo kwa sababu anawapenda Wapalestina hawasaidii Wapalestina hata kidogo.

Viongozi na maneno yao

Kijana alisema viongozi wetu wametuuza. Tulimtaka ahukumu kwa historia, maana hasira peke yake haitoshi.

Kenya ilikata uhusiano na Israeli mwaka 1973 pamoja na nchi nyingi za Afrika. Lakini mwaka 1976, makomando wa Israeli walipowaokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, ndege zao zilijazwa mafuta Nairobi. Uhusiano ukarejeshwa rasmi mwaka 1988. Kwa hiyo kilichosemwa jukwaani na kilichofanyika uwanja wa ndege havikuwa kitu kimoja, na havijawa kitu kimoja hadi leo.

Upande wa pili wa mpaka, Idi Amin alijitangaza kuwa mtetezi wa Palestina. Mwanamke mzee aliyekuwa mmoja wa mateka, na aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala, aliuawa baada ya uokoaji ule. Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda nao waliuawa kwa kisasi. Wazee wa magharibi ya Kenya wanayakumbuka hayo. Kulitaja jina la Palestina hakukumfanya Amin awe mwadilifu. Tusimpime kiongozi kwa kilemba chake, wala kwa upande anaoshangilia.

Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba Kenya inasimama pamoja na Israeli, akalilaani shambulio hilo. Waislamu wengi nchini walilalamika. Sisi tunasema kwamba kulaani mauaji ya raia si kosa. Siku ile waliuawa watu wapatao 1,200 na kutekwa 251, wakiwemo watoto na wazee, na sheria yetu haimruhusu mpiganaji kumgusa mtoto wala mzee. Lalamiko letu ni jingine. Tamko la kiongozi wa nchi yenye mamilioni ya Waislamu lilimpa mkono wa pole mmoja wa majirani wawili, wakati jirani wa pili ameishi chini ya ukaliaji tangu mwaka 1967. Tarehe 27 Oktoba mwaka ule ule, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 100 zilizoliunga mkono azimio la kutaka mapigano yasitishwe kwa sababu za kibinadamu. Ni Waislamu wangapi walioisikia kura hiyo? Tuliyokasirikia tuliyatangaza, na yaliyofuata hatukuyafuatilia.

Tazameni pia jambo la Jaji Julia Sebutinde wa Uganda. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa amri zake za muda tarehe 26 Januari 2024, katika kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini dhidi ya Israeli, yeye alizipinga zote sita. Watu wakaitukana Uganda nzima. Serikali ya Uganda ikatangaza kwamba kura ile haikuwa msimamo wake, na kwa hakika jaji wa mahakama ile hapigi kura kwa niaba ya nchi yake. Mwenye kutaka kumpinga na aipinge hoja yake. Kuwabebesha Waganda wote mzigo wa mtu mmoja ni dhuluma ile ile tunayoilalamikia sisi tunapobebeshwa mzigo wa kila Mwislamu aliyekosea.

Na siasa hizi zinaingia hadi jikoni. Mwishoni mwa mwaka 2023 serikali yetu ilitangaza mpango wa kupeleka Wakenya 1,500 kufanya kazi katika mashamba ya Israeli. Mmoja wa wajukuu wa Kukhu aliwahi kuulizia nafasi hiyo kwa sababu ya ukosefu wa kazi. Mama ana haki ya kumwuliza mbunge wake: mnampeleka mwanangu wapi, nani atamlinda, na nani atanijibu simu nikipiga? Swali hilo ni la mama Mwislamu na la mama Mkristo pia.

Uzito wa maneno

Kijana alisema pia kwamba vyombo vya habari vina upendeleo. Hapo hakukosea, ila hakujua kuueleza upendeleo wenyewe, na asiyejua kuueleza ugonjwa hapati dawa.

Sikilizeni vitenzi. Wa upande mmoja husemwa kuwa wameuawa, na muuaji akatajwa. Wa upande wa pili husemwa kuwa wamefariki, kana kwamba kifo kilipita kama homa. Sikilizeni hesabu. Idadi ya waliouawa Gaza, ambayo Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imeifikisha zaidi ya 67,000 wakati wa usitishaji vita wa Oktoba 2025, husomwa ikiambatanishwa na tahadhari kwamba wizara hiyo iko chini ya Hamas. Kumjulisha msikilizaji chanzo cha habari ni amana, na tunaikubali. Lakini tamko la jeshi la upande wa pili mara nyingi husomwa bila tahadhari yoyote, na hapo ndipo mizani inapoinama.

Sikilizeni pia nani anasimulia. Magazeti na runinga zetu hupata habari nyingi za huko kutoka kwa mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani, na maneno huja yamekwisha kuchaguliwa. Nao wanahabari wa kigeni, tangu Oktoba 2023, hawakuruhusiwa kuingia Gaza kwa hiari yao ila wakisindikizwa na jeshi la Israeli. Waliobaki kusimulia ni Wapalestina wenyewe, na zaidi ya 100 kati ya wanahabari hao wameuawa. Mwezi Mei 2024 serikali ya Israeli ilizifunga ofisi za Al Jazeera nchini humo. Anayemzuia shahidi asifike anawafanya watu wamtilie shaka hata pale anaposema kweli.

Mjomba akauliza kama si kweli kwamba hii ni vita ya Waislamu na Wakristo. Tukamtajia Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera aliyepigwa risasi na kufa mjini Jenin tarehe 11 Mei 2022 akiwa amevaa fulana iliyoandikwa kwamba yeye ni mwanahabari. Alikuwa Mpalestina na alikuwa Mkristo. Siku ya mazishi yake polisi wa Israeli waliwapiga virungu waliolibeba jeneza. Tukamtajia pia kanisa la Mtakatifu Porphyrius la Gaza, ambalo watu waliokuwa wamejihifadhi ndani ya eneo lake waliuawa kwa bomu usiku wa tarehe 19 Oktoba 2023. Na Bethlehemu, mji anaoutaja kila Krismasi, uko katika Ukingo wa Magharibi, na miongoni mwa wakazi wake wamo Wakristo wa Kipalestina. Mzee yule alikaa kimya, kisha akasema: "Haya hawakutuambia."

Na sisi je?

Lakini haki inadai tujitazame na sisi. Miongoni mwa waliouawa kutokana na shambulio la tarehe 7 Oktoba walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Walikuwa watoto wa Afrika Mashariki, wana wa mama zao, na hawakuwa na bunduki. Tujiulize: ni katika misikiti yetu mingapi waliposikika wakitajwa? Gaza tunailia, na ni haki tuilie. Hao wawili tuliwapita kimya kwa sababu habari yao haikutufaa katika mabishano.

Wala wasomaji wetu wa pwani hawajasahau Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli iliyomilikiwa na Waisraeli ililipuliwa na watu waliotumia jina la Palestina. Waliouawa na walipuaji hao walikuwa 13: Waisraeli 3 na Wakenya 10. Kati ya Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni mlangoni. Damu ya masikini wa Kilifi ilimwagwa kwa jina la kuwatetea masikini wa Gaza. Tukiwa na mizani mbili, mwisho wake ni huo.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat An-Nisaa tusimamishe uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Katika Surat Al-Maida ametukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kutowafanyia haki. Na imepokewa kwamba jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.) naye akasimama. Alipoambiwa kuwa maiti ni Myahudi, aliwauliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi. Hadithi hiyo ndiyo jibu letu kwa Kukhu.

Nyumbani kwetu

Enyi akina mama na akina baba, mabaraza ya wakubwa yako mbali nasi, lakini majumba yetu yako mikononi mwetu. Tunausia mambo manne.

La kwanza ni kuthibitisha. Surat Al-Hujurat inatuamuru tuipeleleze habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kabla ya kusambaza picha, uliza ilipigwa wapi, lini na nani. Asiyejua na asisambaze, hata kama iliyemfikishia ni simu ya sheikh. Sisi tumekwisha kuwaomba radhi akina mama wa kundi letu, na picha ile tumeifuta.

La pili ni watoto. Msiwaachie wadogo wakitazama maiti kwenye simu kwa kudhani kuwa mnawafundisha huruma. Moyo unaozoea kuona damu huwa mgumu. Waelezeni kwa maneno, muwaombee pamoja wanaoteseka, na mkitoa sadaka muitoe kupitia mikono mnayoijua.

La tatu ni kutenganisha. Myahudi si serikali ya Israeli, Mpalestina si Hamas, na jirani yako anayekwenda kanisani si adui wa Palestina. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilipotoa hati za kukamatwa tarehe 21 Novemba 2024, ilimtaja Waziri Mkuu Netanyahu na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na siku hiyo hiyo ikamtaja kamanda wa Hamas. Waliotajwa ni watu kwa matendo wanayotuhumiwa. Halikutajwa kabila wala dini.

La nne ni kuwauliza viongozi kwa adabu na bila kuchoka. Mtu anapokuja kuomba kura, muulizeni nchi yetu ilipigaje kura katika Umoja wa Mataifa na kwa sababu gani. Kiongozi anayejua kuwa akina mama wanafuatilia husema kwa uangalifu zaidi.

Mvua ilipokatika jioni ile, shangazi aliyetoka alirudi, nguo zimemlowa. Mjomba akampisha kiti chake. Kijana akaenda jikoni akamletea chai, na kikombe cha pili akampa mjomba. Hakuna aliyesema amebadili msimamo wake, nasi hatukuwataka waubadili. Kukhu akaagiza runinga izimwe, akatuomba dua kwa ajili ya mumewe. Tukaomba. Kisha akatuongezea: "Na wale wa kule pia, Sheikh. Wote." Tukanyanyua mikono tena, na waliokuwa wa kanisa wakainamisha vichwa pamoja nasi.

Wabillahi tawfiq.